Sare ya Damu ya Mzee

Flemingdon Park, Toronto
12 Februari 2024

Mpendwa Mama,

Salamu nyingi. Natumai goti limepata nafuu na Kirimi kakangu ni mzima. Mimi sijambo, ila baridi inang'ata.

Yvan, yule Mkongomani niliyekueleza, ameniposa! Harusi ni Agosti. Miaka yote napamba kumbi za wengine, sasa ni zamu yangu. Nimechagua rangi ya damu ya mzee: vitambaa vya meza, maua, hata utepe wa keki. Kumbi za huku ni nyeupe kama wodi, na rangi iliyoiva hivyo ndiyo humwambia mgeni karibu, keti.

Mwanao,
Nkatha

Nkubu, Meru
3 Machi

Mwanangu Nkatha,

Nimekusoma kwa vigelegele. Goti liache, siku hiyo litacheza lenyewe.

Umenitajia rangi, nami si wa kuambiwa mara mbili. Nimezunguka soko zima mpaka nikapata damu ya mzee yenyewe, si ile nyekundu ya kupayuka. Fundi ameshona gauni langu na ya akina mama wenzangu wa kanisa. Wao watabaki wakituombea. Mimi pasipoti ninayo. Nitumie barua ya mwaliko, watu wa visa wanaitaka.

Mamako

Nkubu
19 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Sisi tu wazima. Barua ya mwaliko sijaiona, na simu hushiki. Gauni nimelijaribu tena. Nijibu japo neno moja.

Mamako

Toronto
2 Septemba

Mama,

Salamu. Goti je?

Tulifunga ndoa mwezi jana. Usikasirike. Rangi nilikutajia kama habari tu, sikudhani mtashona. Huku mgeni ni mwenye kadi, na ukumbi ulikuwa mdogo. Mama yake Yvan yuko hapa, akasimama pahali pako. Picha hizi hapa.

Mwanao,
Nkatha

Nkubu
30 Septemba

Nkatha,

Salamu nimepokea. Goti ni lile lile.

Ukumbi umependeza, kazi unaijua. Mama Yvan amevaa damu ya mzee na imemkaa. Wenzangu walivaa sare zao Jumapili, wakaniuliza bibi harusi anakuja lini. Umeniumiza, sitakuficha. Kwetu nani hutajiwa rangi ya harusi asiyoalikwa?

Gauni langu sijalivaa. Nimempa Kirimi alitunze, nizikwe nalo. Siku hiyo vaa rangi yoyote utakayo. Kwetu matangani hakuna kadi.

Mama Kirimi