Sindano Juu ya Spika ya Besi

Machibya, leo mjinga nilikuwa mimi. Cheka kwanza, halafu usome.

Nimejificha nyuma ya ukumbi hapa Kisesa.

Si unajua leo Mzee Byabato anamuaga binti yake Sharon, anayeolewa? Alinikabidhi santuri ya kwaya niipige, na anayeimba mle ni marehemu mkewe. Ipo moja tu. MOJA, Machibya!

Na mimi, ili watu waione mashine ya santuri vizuri, nikaipandisha juu ya spika ya besi. Ndiyo, ulinikataza. Ulisema niiweke kwenye meza, mbali na spika, na kipande cha godoro chini yake. Nikakuita babu.

Sauti ya mama ikaanza. Sharon analia, mashangazi wanacheza, nami kwa sifa nikaongeza besi. Spika ikatetemeka, sindano ikaruka. Ikaruka tena, ikakwaruza krrrrr mpaka katikati!

Kaka, nilihisi nimemuua yule mama mara ya pili.

Mzee akaja polepole. Akaiinua santuri kwenye taa. Mkwaruzo mrefu kama kidole.

Nikasema shikamoo. Na nilishamwamkia asubuhi!

Basi mdomo wangu huu, badala ya kunyamaza, ukasema: “Mzee, ni hawa mashangazi, wanakanyaga sana sakafu.”

Hata hakupandisha sauti.

“Hao niliwaita waje kucheza. Wewe nilikuita umletee mwanangu mama yake.”