Kikao cha Watu Wawili

Swahiba, chuo chetu kimenyimwa ithibati. Nimekaa tu, hata hasira sina.

Wakaguzi walikuja kuona kama baraza la walimu linafanya kazi. Wenzangu wakasusa, wakatoka wote ili wamwaibishe Mkuu. Mimi goti likakataa kuinuka.

Wakaguzi wakaingia, wakatukuta wawili tu: mimi mwalimu wa karakana na Mkuu. Viti vitupu.

"Mzee, baraza liko wapi?" mkaguzi mmoja akaniuliza.

"Wametoka." Ndivyo nilivyojibu. Wametoka! Ningesema wamekwenda kunywa chai ningekufa?

Mkaguzi akafunga begi lake. Mkuu akanigeukia, "Mzee Miguu, yaani leo ndiyo umeamua kutulia?"

Kazi zote za nyuma nilizihama mwenyewe, ndiyo maana wakaniita Miguu. Hapa ndipo nilipotaka kuzeekea. Bado niko kwenye kiti kilekile, mlinzi ananingoja nitoke afunge.