Jembe ya Kwanza ya Docteur

Mpofi, Walikale

Kwako wifi yangu Mama Sifa, huko Kingi,

Nakusalimia na mikono yote mbili. Magoti inakuuma bado? Na ile mbuzi ilizaa? Siye huku tuko tu, tunakula, tunalala. Tangu tuzike kaka yako sijalia hata kidogo. Ninapika sombe, nasahau chumvi, nakula hivyo hivyo.

Ulituma neno: mvua imefika, mbegu ya maharagi iko tayari, lakini kisha kilio hakuna muntu wa nyumba yetu anaweza kupanda kabla mutoto wa kwanza wa marehemu hajapiga jembe. Mvua hii ikipita, hamutakula. Nimesikia. Na mutoto wa kwanza njo Amani wangu, iko Ujerumani.

Sasa sikia. Juzi nilipanda kilima cha rezo, pale telefone inashika, na telefone kubwa ya muchungaji, ile inaonyesha na sura. Amani amekuwa docteur, wifi. Si docteur wa sindano. Wa verbe, maneno ya kutenda. Zile za Wajerumani wa zamani na ndugu zao, Wagoti, Waingereza wa kale: namna “kuwa” na “kwenda” zilikataa kufuata kanuni katika lugha zao zote. Maprofesa walimuuliza mpaka wakachoka wao.

Nilitangaza soko nzima. Mama Zawadi, yule muuza mawese, akasema, “Miaka yote ile juu ya verbe za watu walikufa? Atazikula na nini?”

Nikamujibu, “Na wa kwako, dada, alifaulu nini? Kulala?”

Watu wakacheka. Mimi nilisikia kicheko kama iko ng’ambo ya muto.

Pale juu ya kilima nilikuwa nimemuuliza Amani sababu gani hizo verbe zilikataa. Akasema, “Mama, neno la kila siku linashika umbo lake la zamani. Lile watu wanaacha kusema njo linanyooka kama mengine.”

Nikamuambia habari ya maharagi. Akasema, “Mama, usikate telefone.”

Akashuka na telefone mpaka nyuma ya nyumba anamopanga. Akaomba jembe kwa bibi mwenye nyumba, kajembe ka maua, kadogo kama mwiko. Akapiga chini mara moja. Niliona udongo, mweusi, unatoa moshi wa baridi. Bibi akamuuliza kitu, Amani akamujibu kwa lugha yao, na yule bibi akavua kofia yake kama kwenye kilio.

Wazee wakisema udongo wa Ulaya hauhesabiwi, waambie mujane mwenyewe aliona na macho yake, na aliyepiga ni docteur.

Salimia Sifa, binti yako, arudi masomo. Salimia baba mukwe mudogo, na katekista aliyetuombea.

Panda, wifi. Na ile pembe ya shamba kaka yako alizoea kukaa akipumzika, panda na pale. Usiiache wazi.

Mimi wifi yako,
Mama Amani, huku sasa wananiita Mama Docteur