Kipande cha Bakeliti Kilichotolewa Chini ya Kabureta Yangu

Kosa la watu wengi, gari lao likisumbua baada ya kuzimwa na kuwashwa tena likiwa bado na moto, ni kulipeleka kwa fundi kesho yake asubuhi. Asubuhi gari limeshapoa. Fundi analiwasha, linanguruma vizuri, naye anakutazama kama mtu anayejitafutia ugonjwa. Unarudi nyumbani na buji mpya, zile plagi za kutoa cheche, ambazo hukuzihitaji. Ugonjwa wa joto hutafutwa wakati wa joto. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote, na bado ilinichukua muda mrefu kufanya hivyo kwa gari langu mwenyewe.

Leo ni Jumatatu. Butembo, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, imeamka ndani ya ukungu na baridi inaingia mpaka kwenye viatu. Chai iko mbele yangu, imepoa, sina hamu nayo.

Nimesalitiwa. Nimeliandika neno hilo ili nilione.

Nitaeleza kwa utaratibu, maana bila utaratibu nitatukana.

Nina gari la Kifaransa la zamani, rangi ya maziwa, la kabureta, nililolinunua nikiwa mwalimu kijana. Watoto wangu wote walipelekwa kubatizwa ndani yake. Siku hizi kazi yake ni moja: kila Alhamisi linanipeleka Beni kwa dada yangu Masika. Masika ni mkubwa wangu. Miguu yake haimruhusu tena kutoka nje ya kiwanja chake, na kati ya watoto wa mama yetu tumebaki sisi wawili. Tunakula, tunabishana juu ya watu waliokufa zamani, halafu narudi.

Barabara ya Beni tunaijua sote. Kuna wiki inapitika bila wasiwasi, na kuna wiki habari za mashambulizi zinafika mjini kabla ya magari. Watoto wangu hawakuwahi kunikataza kwenda. Walisema tu, "Papa, uende muzuri," na mimi nikaenda.

Kakule ni fundi wangu, ana garaji katika mtaa wa Mususa. Nilimsimamia siku ya ndoa yake. Kabla ya mvua kuanza alinisafishia kabureta, na tangu siku hiyo gari likawa na tabia mpya. Asubuhi linawaka mara moja. Njiani halina neno. Lakini ukilizima likiwa na moto, ukakaa kidogo, ukaliwasha tena, linatetemeka kama mtu mwenye malaria, linatoa moshi mweusi na harufu kali ya esansi, yaani yale mafuta yake. Baada ya kilomita chache linapona lenyewe.

Na kwenye barabara hii huwezi kukwepa kulizima. Kwenye barrière, kizuizi cha askari, unazima, unashuka, unaonyesha karata yako ya utambulisho, unapanda. Mara ya kwanza ilinipata karibu na Kabasha. Askari alifunika pua na kitambaa.

"Mzee, gari yako inapika nini?"

"Iko napika sombe!" kijana wa pikipiki akamjibu kabla yangu, yaani kisamvu, na foleni nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka.

Nilimrudia Kakule. Alibadilisha buji. Nilimrudia tena, akabadilisha kondensa, kile kidude kidogo kinachosaidia buji kupata cheche. Kila mara ilikuwa asubuhi, kila mara gari lilikuwa zima kabisa, na kila mara alimaliza na maneno yaleyale: "Mwalimu, hii gari imechoka. Uipumuzishe hapa Butembo tu. Kwa Beni si kuko taxi?" Nilidhani ananionea huruma.

Alhamisi iliyopita lilikataa kabisa. Nilikuwa narudi, jua limeanza kushuka, magari mengine yote yamepita. Nilikaa kwenye barrière ile nikisikiliza stata ikizunguka bure, mpaka askari akaniambia kwa upole, "Mzee, hapa hapana pahali pa kulala." Yeye na wenzake wakalisukuma gari. Likashika mwishowe. Niliingia mjini gizani, sikuthubutu kulizima mpaka nyumbani.

Ijumaa niliamua kuacha kuuliza watu na kuliuliza gari.

Nililiendesha mlimani na kurudi mpaka likapata moto wa kweli. Nikaliegesha nyumbani, kapo, kile kifuniko cha injini, imefungwa, nikasubiri kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Nikaliwasha. Likatetemeka. Vizuri: sasa mgonjwa yuko mbele yangu na homa yake.

Swali la kwanza ni kama shida iko kwenye umeme au kwenye esansi. Nilitoa waya mmoja, nikauchomeka kwenye buji ya akiba iliyogusa chuma cha injini, mbali na kabureta, nikamwomba jirani azungushe ufunguo. Cheche ilikuwa ya buluu, nene, yenye sauti. Bobini, inayozalisha umeme wa cheche, ikichoka kwa joto, cheche huwa nyembamba na ya manjano. Kwa hiyo si umeme. Kisha nikafungua buji ya injini yenyewe: imelowa, nyeusi. Gari halikukosa esansi. Lilikuwa linazama ndani yake.

Nikasubiri lipate moto tena, nikalizima, nikaondoa chujio la hewa, nikamulika ndani ya koo la kabureta kwa taa ya simu. (Taa ya simu, si kiberiti. Naandika hili kwa sababu nawajua watu wa kwetu.) Injini ikiwa imezimwa, hapo hapatakiwi kudondoka kitu. Esansi ilikuwa inadondoka, tone baada ya tone, na nikitega sikio niliisikia ikichemka ndani ya kikombe cha kabureta kama maharage.

Sababu yake ni rahisi. Gari likitembea, feni na maji vinaondoa joto, na esansi baridi inaendelea kuingia. Ukizima, vyote vinasimama, lakini chuma kinabaki na joto lake, na joto hilo linapanda juu kwenye kabureta. Esansi inachemka, inamwagika ndani ya injini. Ukiwasha tena, injini inakohoa mpaka imalize kuimeza ile ya ziada.

Lakini mbona miaka yote hiyo haikuchemka?

Nikainama. Kati ya kabureta na chuma kilicho chini yake panatakiwa kuwa na kipande cha bakeliti, plastiki ngumu ya zamani, rangi ya kahawia, unene wa kidole. Kazi yake ni kuzuia joto lisipande. Hakikuwapo. Palikuwa na karatasi ya gasketi tu. Na boliti zilinisimulia mengine: nati zilikuwa zimeshuka chini, na juu yake meno ya boliti yalisimama wazi kwa unene uleule wa kidole, safi, yanang'aa, wakati chuma chote cha jirani kina masizi ya miaka. Yaani mpaka juzijuzi meno hayo yalifunikwa.

Kipande kama kile hakidondoki chenyewe. Mtu alifungua, akakitoa, akarudisha kabureta na kuzikaza nati vizuri sana. Nilimtambua kwa ukazaji wake.

Jumamosi nilikwenda Mususa. Nilifungua kapo tu, nikaweka kidole kwenye boliti. Kakule alipangusa mikono yake muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akatoka na kile kipande, amekifunga kwenye kitambaa safi. Hakukitupa.

"Mwalimu, unisamehe. Mimi sikukuwa na kichwa ya kufanya vile. Mumbere njo yeye alikuya, akaomba nikitoshe. Alisema famille imekaa."

"Famille gani?"

"Ya kwako, Mwalimu."

Mumbere ni mwanangu wa kwanza. Asiyetoka kwetu hataelewa uzito wa maneno yale, kwa hiyo nifafanue. Famille, yaani ukoo, ikikaa kikao juu ya jambo la mzee, mzee huketi pale. Anaweza kulaumiwa, anaweza kushindwa, lakini kiti chake kipo. Kukaa bila yeye tunakufanya kwa mtu aliyekufa au aliyerukwa na akili. Wao, kwa maelezo ya Kakule, walichagua kukaa Alhamisi, siku ambayo mimi niko barabarani.

Kakule aliomba akirudishe mwenyewe. Nilikataa. Nilikifunga nyumbani kwa mikono yangu, na sasa gari linazimwa likiwa na moto na kuwaka bila hata kukohoa. Sikufurahi.

Jana baada ya misa nilimwita Mumbere. Ana watoto wakubwa, ana duka lake la misumari na rangi, lakini alisimama mbele yangu kama siku aliyovunja kioo cha jirani.

"Papa, tungekuambia namna gani? Nani kwetu alishawahi kukuambia hapana?"

Hapo alisema kweli, na ukweli huo ndio unaonisumbua. Nyumbani kwetu mtoto hamwambii baba yake "hapana" machoni. Ndivyo nilivyolelewa, ndivyo nilivyolea. Kwa hiyo waliliachia gari kazi ya kusema. Walidhani litanitia aibu mara mbili tatu, nitachoka, nitaliegesha.

Nilimwambia habari za Alhamisi. Kwamba kwa kuniogopea barabara walinisimamisha katikati ya barabara, peke yangu, jua likizama.

"Hatukuwaza ile, Papa." Machozi yalimtoka. Nilimwacha alie.

Kisha akaongeza jambo ambalo afadhali angebaki nalo.

"Tantine Masika njo yeye aliomba tufanye vile."

Masika. Ambaye kila Alhamisi hunipakulia mwenyewe ingawa kusimama kunamuuma. Ambaye tangu mvua zianze ananipokea na swali lilelile, "Gari ilikuleta muzuri?" Nami nikamjibu kwa kirefu, mpaka habari za buji na kondensa, nikifurahi kwamba uzeeni dada yangu amependa ufundi. Alikuwa anapima kama dawa imeshika.

Watoto wangeniuliza, ningekataa. Nakiri. Lakini ningekataa nikiwa nimeulizwa. Kakule angeniuliza, ningemfukuza. Masika peke yake angeweza kuniambia "Usije tena na ile gari," nami ningesema ndiyo. Alinibeba mgongoni nikiwa mtoto. Ana haki hiyo, na anajua anayo. Hakuitumia. Alipita nyuma yangu.

Na hapa ndipo nimekwama tangu jana. Je, aliiogopa barabara? Au amechoka na mimi, na mabishano yangu, na siku nzima ya kusimama jikoni kwa ajili ya mdogo wake asiyejua kuondoka mapema? Mumbere anasema ni barabara. Kakule naye alisema ni gari limechoka.

Usiku kucha nimejaribu kujibu kwa kukumbuka: jinsi alivyonitazama, jinsi alivyofunga mlango mara ya mwisho. Naona hili, naona kinyume chake. Asubuhi hii amepiga simu. Jina lake limewaka kwenye kioo mpaka likazimika. Sikupokea. Akapiga tena. Nikageuza simu kifudifudi juu ya meza, mimi, mtu mzima.

Alhamisi inakuja. Gari liko tayari, na sijui kama nyumba ninayoiendea bado inanitaka.

Kwa hiyo najiambia mwenyewe: Mzee, acha kubahatisha. Chukua simu, mpigie Masika leo, umuulize wewe mwenyewe.