Bogainvilia Isiyogeuzwa

Mpendwa Mama,

Nimekukosea, na heri ulisikie kutoka kwangu. Niliuza ile bogainvilia yako ya rangi ya chungwa.

Unajua ulivyotuchosha na yale madebe ya miche. Kila Jumamosi, hata kama kuna harusi ya nani, lazima tugeuze kila mche kwenye nasari yetu ya kando ya barabara, mizizi isije ikatoboa chini na kushika ardhi. "Mche wa kuuza ni msafiri," ulisema, "asizoee mahali." Nikilalamika mgongo, ulicheka ukaniita nyanya yako. Lakini bogainvilia ile hukuigeuza hata siku moja. "Hiyo iache, imeshafika kwao." Nami nikadhani ni magoti yanakuuma, unaona aibu kusema.

Miezi mitatu baada ya kukuzika, mama mmoja wa Milimani akaipenda. Mimi mjuaji nikavuta debe. Halikutoka. Nikachukua panga, nikakata mizizi minene kama kidole gumba, nikampakilia kwenye gari. Wiki mbili hazikuisha akairudisha, vijiti vikavu vitupu, wala hakugomba. Nililia mbele ya mteja, Mama. Katika vyote ulivyoniachia, hiyo ndiyo niliyokuwa nikiitazama kwanza kila asubuhi.

Aliyenisikia ni Mzee Odongo wa nasari ya ng'ambo, yule uliyekuwa ukimwita mwizi wa wateja, tena kwa sauti. Alivuka barabara na mche mdogo wenye maua mawili, rangi ile ile.

"Mama yako alinipatia kijiti nipande," akasema. "Aliniambia, 'Odongo, huyu mtoto yangu ni mtu ya haraka. Iko siku atauza hii kitu. Wekea yeye moja.'"

Kumbe mlikuwa mnaongea! Nilicheka machozi yakiwa bado yananitoka. Ulijua nitakosea, ukanisamehe mapema, na hukunidokezea hata kidogo. Nakupenda, Mama. Nimekukosa kuliko ninavyoweza kusema.

Mche ule sikuutia kwenye debe. Nilichimba shimo pale pale pa zamani, nikaupanda ardhini. Jana mteja aliniuliza bei yake. Nikamwambia huo hauuzwi, umeshafika kwao.

Pumzika sasa. Jumamosi nitaigeuza ile mingine yote.

Kitinda mimba wako,
mtu wa haraka