Kufuli Lenye Picha Yangu

Edenderry,
Jumanne jioni, mwezi wa kumi na moja

Baba mpendwa,

Naomba barua hii ikukute umetoka kazini salama, umekula kitu cha moto, na mgongo umeacha kukusumbua. Najua baridi ya Denmark imeshaingia. Mama anasema uache kuvaa soksi mbili mbili, zinabana damu. Nunua za sufu. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, ingawa bado anakohoa asubuhi. Kaka Ruairí amevunjika kidole kwenye mechi ya magongo na anakionyesha kwa kila mtu kama kombe. Bibi anakusalimu na anauliza tena kama huko kuna misa.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Sababu nitaieleza mwishoni. Ninachokuomba ni kimoja: isome yote kabla hujampigia mtu yeyote.

Najua Fintan, rafiki yako na bosi wangu, alikupigia jana, akakuambia mambo ya Jumamosi na akakutumia picha yangu ya zawadi. Mama anasema umewaonyesha mafundi wote kambini kwenu. Baba, picha ile inanichoma. Nimeshika kadi ya manunuzi ya euro mia mbili na natabasamu kama mtu anayeumwa jino. Siku hiyo hiyo niliyopigwa picha, Deco, fundi aliyekuwa ananifundisha, alifukuzwa kazi. Tulichofanyiwa sisi wawili kimetoka kwenye jambo moja, na alilokueleza Fintan ni nusu tu, kwa sababu nusu ndiyo aliyokuwa nayo.

Deco hujakutana naye. Ni mtu wa Tallaght, mnene, magoti mabovu, anaimba vibaya tangu asubuhi hadi jioni. Nilipoanza Julai, nikiwa ndiyo kwanza nimemaliza mitihani, nilikaa wiki nzima bila kusema neno zaidi ya ndiyo na hapana. Vijana wakanipa jina la Redio. Kila chai lazima mmoja aseme, "Redio, punguza sauti bwana, vichwa vinatuuma!" Wenzake wanaangua kicheko, shingo yangu inashika moto. Deco akawaambia waniache, kwamba mimi nikinyamaza mikono inafanya kazi, wao wakinyamaza ujue wamelala.

Aliniuliza kwa nini nilichagua umeme. Nikamwambia napenda kazi ambayo kitu ama kimefungwa sawa ama hakikufungwa, wala hakinitazami usoni. Alicheka sana, lakini tangu siku hiyo hakunicheka tena. Alikuwa akiniuliza swali anangoja. Hata nikichukua muda mrefu kiasi gani, alingoja tu, anasafisha spana yake. Kwake yeye nilijifunza kumenya nyaya nene bila kuzijeruhi, na kukaza bolti kwa kipimo badala ya nguvu. Nilianza kuamini kwamba miaka minne ya uanagenzi nitaimaliza na nitakuwa fundi kama wewe.

Siku ya kwanza alinipa kufuli langu jekundu, lenye jina na picha yangu. Akaniambia hilo ndilo roho yangu. Ukiingia kufanya kazi kwenye kabati la umeme, unalitundika kwenye sanduku la funguo, panapofungiwa funguo za swichi kuu, na likiwa hapo hakuna mtu wa kuwasha. "Si bosi, si mteja, si Papa wa Roma," alisema. Na halifunguliwi na mkono mwingine ila wangu. Wewe unayajua haya, lakini nayaandika kwa sababu yote yaliyofuata yametoka hapo.

Ijumaa tulikuwa tunamalizia kabati kubwa la ukumbi wa pili, ule utakaojazwa seva, kompyuta za kuhifadhi data, mwezi ujao. Jumamosi asubuhi umeme ulikuwa uwashwe kwa mara ya kwanza, wakubwa wa mteja wakitazama. Jioni kila mtu alifungua kufuli lake akaenda nyumbani. Jumamosi walipokuja kuwasha, wakakuta kufuli moja limebaki. Picha yangu ilikuwa inawatazama.

Kilichofuata Fintan alinieleza garini kama kichekesho. Mimi sikukisikia kama kichekesho. Kufuli likiwapo, mwenyewe anahesabiwa yumo ndani. Simu yangu ilikuwa imezimwa. Basi wakaanza kunitafuta. Wanaume wote wa zamu ile waliinua vigae vya sakafu kimoja kimoja, wakapanda ngazi wakamulika juu ya dari palipopita nyaya. Deco alilala kifudifudi akatambaa ndani ya mfereji wa nyaya, na magoti yale, akiniita. Fintan anasema hakuita Redio. Aliita Dervla, Dervla, mpaka sauti ikakauka, maana alidhani nimeanguka humo tangu jana yake na nimekufa.

Mwishowe Fintan akampigia Mama. Mama alipanda ngazi akanikuta kitandani, macho wazi, nimevaa nguo za kazi. Nilichukua simu nikasema nimesahau kufuli, samahani.

Fintan alikuja mwenyewe kunichukua. Hakunigombeza hata kidogo. Kituo cha mafuta alininunulia mkate wa soseji na bekoni, akaniambia kila mtu husahau, kwamba hata wewe uliwahi kuondoka na ufunguo wa gari la kampuni mpaka Galway, watu wakarudi makwao kwa miguu. Nilishika ule mkate mpaka ukapoa.

Tulipofika walinipigia makofi. "Jamani, malkia kaamka!" Mwingine akasema Redio imeishiwa betri. Deco hakupiga makofi. Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama mtu anayemkagua mtoto aliyeanguka, kisha akasema, "Mzima. Basi," akaondoka kwenda mahali pake. Uso wake ulikuwa na vumbi la mfereji.

Nikafungua kufuli. Tukarudi nyuma ya mstari wa usalama. Fintan akaanza kuuliza kwenye simu ya upepo, mmoja mmoja, kama wako tayari. Alipofika kwa Deco, Deco akajibu, "Tayari." Hapo ndipo nikasema kuna nati ndani. Hakuna aliyenisikia. Nikarudia. Mara ya tatu nilipiga kelele mpaka mama mmoja wa upande wa mteja akadondosha karatasi zake.

Walisimamisha kila kitu, wakafungua kabati, wakaikuta. Ilikuwa imelala kati ya vyuma viwili vya shaba, mahali ambapo mtetemo kidogo tu ungeiangusha igusanishe vyote viwili. Yule mama wa upande wa mteja alisema ingepiga shoti ya kung'oa mlango, na aliyekuwa karibu zaidi na mlango ule ni Deco.

Waliniuliza nimekumbuka lini. Nikasema sasa hivi, nikiwa nimesimama pale. Wakaamini. Jana Jumatatu walinisimamisha mbele ya watu wote kwenye kikao cha asubuhi, wakanipa ile kadi na kunipiga picha, wakasema huu ndio moyo wanaoutaka, msichana mdogo, mwoga, lakini amesema. Kabla ya chakula cha mchana Deco alirudisha kitambulisho chake. Sahihi yake ndiyo iliyosema kabati limekaguliwa, na mteja hataki mtu anayetia sahihi bila kuangalia. Alinipa mkono mlangoni akaniambia, "Umefanya vizuri, binti." Nilimwachia mkono haraka, kama umenichoma.

Hayo ndiyo wanayoyajua wote. Sasa nakuja kwa wasiyoyajua.

Sikusahau kufuli, Baba.

Nati ile ilinitoka vidoleni Ijumaa mchana. Niliisikia ikigonga chuma, ikagonga tena, kisha kimya. Nilimulika tochi, nikaingiza waya wenye ndoano. Sumaku haikusaidia, zile nati hazishikwi na sumaku. Nikachukua nyingine mfukoni nikaifunga mahali pake. Ndipo Deco akaja, na nyuma yake watu wa mteja, na alikuwa katikati ya kuwaambia kwamba katika vijana wote aliowahi kufundisha, hajapata kama mimi. Akanigeukia. Akaniuliza mbele yao kama humo mko sawa, na kama hakuna kilichoanguka. Akangoja, kama anavyongoja siku zote. Nikasema hakuna. Akatia sahihi kwa neno langu.

Walipoondoka ningeweza kumwambia. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu, anaimba. Kila nilipofungua mdomo niliona uso wake utakavyogeuka, nikaufunga. Jioni nilisimama mbele ya sanduku la funguo, ufunguo mkononi, nikaurudisha mfukoni. Nilifikiri kufuli litasema badala yangu. Watakuta limefungwa, wataahirisha mpaka Jumatatu, mimi nitawahi kabla ya watu niitafute nati. Simu niliizima makusudi. Kwamba wangenitafuta kama maiti, hilo halikunijia kabisa, ingawa Deco alikuwa amenifundisha maana ya kufuli kwa kinywa chake.

Na Deco hajamwambia mtu kwamba aliniuliza. Walipombana kwa nini alisaini, alijibu kwamba sahihi ni yake, basi. Angeweza kunitaja, Baba. Nilikuwa nimesimama palepale nikingoja anitaje. Hakunitaja, na mimi sikujitaja.

Leo mchana nilimwendea Fintan ofisini nikamwambia yote. Alifunga mlango. Swali lake la kwanza lilikuwa nani mwingine anajua. Nikasema hakuna. Akaniambia taratibu, kwa upendo kabisa, "Sikiliza, mwanangu. Deco atakuwa na kazi kabla ya Ijumaa, Dublin nzima inalilia mafundi. Wewe ukifukuzwa mwaka wa kwanza kwa uongo, nani atakuchukua? Na baba yako je? Mimi ndiye niliyetumia jina lake ukaingia hapa." Akasema picha imeshafika kwa wakubwa, jambo limekwisha. Akasema nikikupigia wewe, utaniambia hivyo hivyo.

Nikakubali kwa kichwa. Tena nilifurahi, Baba. Nilikwenda kantini nikala sahani nzima ya viazi na nyama, na chakula kilikuwa kitamu kama sijala tangu Ijumaa. Jioni Mama aliniuliza siku imeendaje. Nikamwambia nzuri tu, na shingo yangu haikushika moto hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha. Nati ilinitoka kwa bahati mbaya. Huu uongo wa jioni ulitoka wenyewe, laini, kama nimeuzoea miaka.

Basi ndiyo maana nimeandika. Ningekupigia leo, sijui ungesema nini. Huenda ungesema kama Fintan, huenda ungesema kinyume. Sitaki kujua kwanza. Ukiniambia ninyamaze nitanyamaza, maana wewe ni baba yangu, na kunyamaza ndicho ninachokiweza kuliko vyote. Barua itachukua siku kadhaa kukufikia. Kesho asubuhi kuna kikao, na mwishoni Fintan huuliza kama kuna mwenye neno. Sijawahi kuinua mkono. Mama nitamwambia wakati wa chai, kabla sijatoka. Ukisoma hapa nitakuwa nimeshasema, na inawezekana kabisa niko nyumbani nasaidia Bibi kupika, sina kazi, na jina lako nimelichafua mahali ulipolijenga. Kwa hilo naomba radhi kuliko maneno yanavyoweza kubeba.

Deco nimemtumia ujumbe sasa hivi kwamba kesho nitasema yote. Sikutegemea ajibu. Amejibu, "Simama karibu na mlango. Walio huko nyuma huwa hawasikii, na ukitaka kukimbia una pa kutokea."

Fintan usimgombeze. Alikuwa ananitakia mema. Wenzako wa kwetu Offaly walio huko wasalimie wote, pamoja na yule mzee wa Tullamore aliyesema nimerithi mikono yako. Na wale wote uliowaonyesha picha, tafadhali, waonyeshe na barua hii. Najua ninachokuomba ni kigumu kwako kuliko kwangu, kwa sababu mimi nitasema mara moja tu kisha nitoke, na wewe utabaki nao kambini mpaka Krismasi.

Jifunike vizuri usiku.

Ni mimi binti yako,
Dervla