Namsifu, Majibu Yako Niliyakalia

Binti yangu Namsifu,

Popote ulipo, pokea salamu za mzee wa Moshono. Mkono wangu hauwezi tena kalamu, kwa hiyo nasema mimi na mjukuu wangu Upendo anaandika. Ndiyo, Upendo yule yule uliyembeba mgongoni. Kijana anayenitibu nilimfundisha kazi mwenyewe, na hajui kunidanganya: figo zimechoka. Sina muda wa kuzunguka.

Unakumbuka siku tulipoonana mara ya kwanza? Haikuwa hapa nyumbani, ingawa wewe na mimi tuliishi miaka mingi kana kwamba ilikuwa hapa. Ilikuwa zahanati yangu ya Sombetini, vyumba viwili na benchi la mbao. Serikali ilikuwa imetupunguza kazini, kisha ikaruhusu zahanati za watu binafsi, nami nikafungua yangu. Wakala mmoja mwenye ofisi mjini alikuwa akiniletea mabinti wanaokwenda Arabuni kufanya kazi za ndani. Mlikuja na pikapu, mmevaa magauni yenu ya kanisani, kila mmoja na bahasha mkononi. Nilipima kifua, damu, mkojo na mimba, kisha nikajaza fomu. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya neno moja tu: anafaa, au hafai.

Kabla yako nilikuwa nimeshachezewa. Binti mmoja alitoa damu kwa majina matatu katika siku tatu, akibadilisha kilemba tu. Mwingine alitoa mkojo kwa niaba ya wenzake wawili. Nikawa simwamini mtu. Nikaanza kupekua makovu, vidole, masikio na meno.

Ukaingia wewe. Barua ya mtendaji wa kijiji ilisema umezaliwa na kukulia Maji ya Chai. Nikakwambia fungua kinywa, na meno yako yalikuwa meupe pee. Aliyekulia kule hunywa maji yenye madini tangu utotoni, na meno yake hutoka ya kahawia. Hilo halihitaji udaktari. Arusha nzima tunataniana kwalo.

"Umekulia wapi?"

"Maji ya Chai, Daktari."

"Na hayo meno?"

Ulicheka, ukidhani nakusifia. "Ndivyo yalivyo, Daktari."

Nikakuuliza jina la mwalimu mkuu, jina la mchungaji, na njia ya kutoka barabarani hadi kwenu. Ulijibu yote bila kukwama, nami nikajiambia kwamba huyu amefundishwa vizuri. Kadiri ulivyosema kweli, ndivyo nilivyozidi kukushuku.

Majibu ya vipimo vyako yote yalitoka safi. Nikaandika HAFAI.

Ningeweza kumwambia wakala kwamba nadhani unatumia jina la mtu mwingine. Lakini neno la udanganyifu lingemkasirisha, naye angewapeleka mabinti wake kwa daktari mwingine. Neno la ugonjwa halikumkasirisha mtu. Alichukua fomu, akaita jina lako barazani mbele ya wenzako, akasema, "Wewe, daktari amekukataa. Rudi nyumbani ukajitibu." Niliyasikia hayo nikiwa ndani, nikaendelea kunawa mikono. Ilikuwa miaka ambayo ukisema binti amekataliwa na daktari, kila mtu aliwaza Ukimwi.

Miezi kadhaa baadaye nilirudi nyumbani mchana nikakukuta jikoni unachambua mchicha. Mke wangu akasema, "Baba, huyu ni Namsifu, kaletwa na mama mmoja wa kwaya. Atatusaidia na mtoto." Ulipiga goti kidogo ukasema, "Shikamoo, Baba." Ulinitambua. Niliona macho yako yalivyosimama usoni kwangu. Nami nikaitikia, "Marahaba," kana kwamba ni mara ya kwanza.

Sasa nikiri jambo ambalo Mama alikufa bila kulijua. Wiki zile za mwanzo sikunywa chai yako mpaka nimwone yeye amekunywa kwanza. Ndiyo, nilimtanguliza mke wangu. Niliamini umekuja kulipiza kisasi. Ukifagia chumba cha kulala, baadaye nilitazama chini ya mto. Siku moja nilirudi ghafla nikijifanya nimesahau miwani, nikakukuta sebuleni unamfundisha Upendo kupiga makofi.

Halafu likaja suala la maji. Niligundua uji na maziwa ya Upendo huyapiki kwa maji ya bomba. Ulikuwa na pipa lako nyuma ya nyumba, limefunikwa kanga, na hukuruhusu mtu achote humo. Nikayachota kwa siri kwenye kichupa cha dawa, nikayapeleka Sombetini, nikayaweka chini ya hadubini. Mara mbili, Namsifu. Sikuona kitu. Nikadhani sumu yenyewe haionekani kwa hadubini, nikaja kukubana jikoni.

"Haya maji unayompa mtoto ni ya nini?"

"Ya mvua, Baba. Ya bomba yatamharibu meno."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Bibi. Yeye meno yake yalikuwa mabaya, hakuwahi kucheka bila kuziba mdomo. Kwetu nyumba zote zilikuwa za nyasi, bati lilikuwa kanisani tu. Alilifagia kanisa miaka minane bila mshahara, aachiwe kukinga maji ya bati. Kiangazi alipanda hadi kijito cha juu, msituni." Ukacheka. "Watoto walinitania, wakaniita Mzungu wa Maji ya Chai."

Nilishika ukingo wa meza. Mama akapita akasema, "Wewe mzee, umeona nini?" Nikasema kizunguzungu. Mwanamke mmoja alifagia kanisa miaka minane ili kinywa chako kisiwe na doa, na mimi nikakitumia kinywa hicho kama ushahidi wa uongo wako.

Upendo ameweka kalamu chini. Ameniuliza, "Babu, Dada alijua?" Nimemwambia aandike, tutafika huko.

Siku ile ile ya maji ningeweza kukwambia. Nilijipa sababu: wakala alikuwa ameshafunga ofisi, safari ilikuwa imeshapita, kusema kungemsaidia nani? Akaja Lazaro, fundi aliyetujengea ukuta. Unakumbuka alivyokuwa akirudi kutengeneza nyufa ambazo hazikuwepo? Mama alikutania, "Namsifu, ukuta huu utakwisha lini, au mpaka upate mtoto?" Lazaro alimleta mjomba wake kuposa, kwa heshima zote, na soda zikafunguliwa. Ukakataa. Mama akakuuliza kama unamngoja mfalme, nawe ukasema tu, "Mimi siolewi, Mama."

Kesho yake mchana nilikuwa nje chini ya migomba, nasoma gazeti. Ulikuja na kikombe cha chai, ukakiweka, hukuondoka.

"Baba, wewe ndiye uliyenipima."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja. Nikawaza: amejua, kuna mtu kamwambia, sasa anataka nikiri mbele ya shahidi. Nikatazama dirisha la jikoni kuona kama kuna anayesikiliza.

"Nilipopata kazi hapa nilishukuru Mungu," ulisema. "Nilijua niko karibu na anayeujua ugonjwa wangu. Sikuuliza ni upi, naogopa jina lake. Ila ukiona dalili zimeanza, utaniambia, si ndiyo, Baba?"

Nikajibu, "Nitakuambia."

Neno moja tena. Hilo ndilo lililonifanya nitafute mtu wa kuniandikia barua hii. La kwanza nililiandika kwa kukushuku, na mwenye shaka hukosea. La pili nililisema nikijua kila kitu, kikombe chako kikiwa mkononi mwangu. Niliogopa kuonekana nilivyo, nikakuacha uendelee kuogopa mwili wako mzima. Lazaro alioa mwaka uliofuata. Ulikwenda kwenye harusi, ukarudi na kipande cha keki cha Upendo.

Uliondoka Upendo alipopelekwa shule ya bweni. Ulisema umepata kazi mbali, hukutaja mji. Baadaye nilikwenda mwenyewe Maji ya Chai na fimbo yangu. Bibi alikuwa amefariki, shamba liko mikononi mwa watu wengine, na hakuna aliyejua ulikoelekea. Mzee wa kanisa alinionyesha lile bati la zamani. Nilisimama chini yake nikashindwa kusali.

Bado mimi ni mtu wa mashaka. Wakati mwingine nashuku ulijua tangu siku ya maji, uliponiona nimeshika meza, na kwamba pale migombani ulinipa nafasi ya kusema, nami nikaikataa. Ikiwa ni hivyo, hukuwahi kunitilia kitu kwenye chai, na hilo linanitesa kuliko sumu. Ikiwa sivyo, basi pengine leo hii uko mahali fulani, mwanamke mzima, bado unatazama ngozi yako kila asubuhi ukingoja dalili.

Upendo anasema niache maelezo, nikupe majibu yako. Ana haki. Daftari la zahanati sikulichoma, lipo mapajani pangu. Natoa barua hii kwa watu wote ili anayekujua akusomee kwa sauti, kama wakala alivyolisoma lile neno mbele ya wenzako.

Kifua: safi. Damu: safi. Mkojo: safi. Mimba: hakuna. Meno: kamili, meupe.

Hukuwa na ugonjwa wowote, binti yangu. Si siku ile, si siku ya Lazaro. Ulikuwa unafaa.

Upendo amemaliza kuandika na anafuta macho. Kinywa chake kiko wazi, nami nayaona meno meupe uliyomlindia.

Mimi niliyekupima,
Baba yako wa Moshono